Tulimpikia Pilau Aliyekuja Kutuhesabu

Daktari aliniuliza ni ufukwe gani, na mimi sikuwa na jina la kumpa.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alilala ubavu, dripu mkononi, midomo imekauka, na tangu alfajiri alikuwa anaharisha damu. Nilikuwa nimeshamtajia daktari kila kitu alichokula mtoto, mpaka ndizi aliyoimega akaiacha. Mwisho nikamwambia kwamba Jumamosi alikuwa ameoga mtoni. Hapo ndipo alipoinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake.

Nikamweleza: kule chini ya daraja, ukishuka ngazi za mbao, kuna mchanga, na nyuma ya mchanga maji yametulia, yanamfika mtoto kiunoni. Akatikisa kichwa. Ungekuwa ufukwe rasmi, akasema, angepiga simu sasa hivi akaambiwa maji yalipimwa lini na yalikutwa na nini. Lakini hapo hapapimwi.

"Kwa nini hapapimwi?"

"Kwa sababu si mahali pa kuogelea."

"Watu wanaogelea."

"Naelewa," akasema.

Neno hilo nchi hii wanalipenda sana. Wanaelewa, halafu wanakwenda kwa mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Walikuwa wanaziogopea figo zake. Tulikaa pale mpaka nikajua majina ya wafagiaji wote wa ghorofa ile. Figo zikapona, mtoto akarudi nyumbani amekonda, anadai chipsi. Kilichomuumiza hatukuwahi kukijua. Inawezekana ni mto, akasema daktari, na inawezekana ni nyama ya kusaga ya dukani. Mimi hiyo "inawezekana" ndiyo iliyonitia wazimu. Mtoto wangu nusura afe, na jibu nililopewa ni la mtu anayebahatisha mvua.

Huo mto wenyewe kwenye ramani ni Mississippi. Morogoro, kidato cha tatu, nilikariri urefu wake kwa ajili ya mtihani na nikausahau siku ileile niliyokabidhi karatasi. Hakuna mwalimu aliyenidokeza kwamba nitakuja kuishi kando yake, kwenye jengo la matofali lisilo na kiyoyozi, ambamo mwezi wa saba hata ukuta unatoa jasho. Watu wakisikia habari hii huniambia, lakini mji wenu una maziwa kila kona, yana fukwe na walinzi, si mngekwenda huko? Tungekwenda, ndiyo. Mabasi mawili, kigari cha mtoto, mfuko wa chakula, na Jumapili basi la pili linakuja likijisikia. Gari tulikuwa nalo moja, na mume wangu alikuwa akiondoka nalo kwenda kuchukua lori la kusambaza bidhaa kwenye maduka ya Maple Grove, nje ya mji. Mtoni tulikuwa tunashuka kwa miguu na sufuria ya wali, tunaongea kwa sauti zetu zote, na hapakuwa na mtu wa kugeuka kututazama. Jengo zima lilishuka huko. Watanzania, Wakenya, familia moja ya Wakongo. Ndiyo maana nasema watu walikuwa wanaogelea, bwana. Sikuwa naota.

Basi nikaanza kupiga simu. Nilifanya kazi nyumba ya wazee, na mapumziko yangu niliyamaliza nimesimama mlangoni kwa chumba cha kufulia, simu ya kukunja sikioni, nasikiliza kinanda cha kusubirishwa. Watu wa mto wakanipeleka kwa watu wa bustani. Watu wa bustani wakanipeleka kwa watu wa afya. Watu wa afya, kwa upole kabisa, wakanirudisha kwa watu wa mto. Nilipomwambia mama yangu Morogoro, alicheka mpaka kadi ya simu ikakata. Nilipompigia tena alikuwa bado anacheka.

"Yaani huko Marekani mto unaombewa kibali ndipo uogewe?"

"Si kuogewa, mama. Kupimwa."

"Sasa mkiwa mnasubiri kibali mnaogea wapi?"

"Humohumo."

"Haya," akasema. "Poleni."

Mwisho nikaangukia kwa kijana mmoja wa ofisi ya bustani, mwenye sauti ya mtu aliyeanza kazi juzi. Yeye alinieleza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru, ingawa maelezo yenyewe yalinifanya nitake kuipiga simu ukutani. Ili maji yapimwe, lazima pale pawe ufukwe rasmi. Ili pawe ufukwe rasmi, ofisi lazima ijiridhishe kwamba watu wanapatumia kuogelea. Mtu atakuja siku ya Jumamosi, atakaa, atawahesabu waliomo majini.

"Kwa hiyo mnataka kwanza watoto waingie kwenye maji ambayo hayajapimwa," nikasema, "mkishawaona humo, ndipo mtayapima."

"Hilo ni swali zuri," akasema.

Na hapa kuna jambo lazima mlijue. Tangu binti yangu alazwe, mimi ndiye niliyekuwa nimewatoa watoto wa jengo zima majini. Nilipiga hodi mlango kwa mlango. Niliwaambia akina mama, maji yale yana wadudu, nimeona damu kwa macho yangu. Waliobisha niliwafuata mtoni, nikawatoa watoto wao mmoja mmoja. Sasa ofisi inataka kuona watu majini, na waliokuwa wakiingia nimeshawatimua mwenyewe.

Nikarudi mlango kwa mlango. Safari hii niliwaambia, Jumamosi ya pili anakuja mtu wa ofisi kuangalia kama tunautumia mto. Tuje kama tulivyokuwa tunakuja zamani, tuingie majini saa moja tu, basi, tukimaliza tunaoga nyumbani kwa sabuni.

Chini kabisa ya jengo aliishi mama mmoja mtu mzima, mwenzetu wa Tanga, tuliyekuwa tunamwita Mama Mwenyekiti. Watanzania wakikutana watatu huunda kamati, na kamati zote za mji ule mwenyekiti alikuwa yeye: harusi, misiba, ubarikio, maulidi, hata ya kumsindikiza mtu anayehamia jimbo jingine. Yeye katika maneno yangu yote alisikia moja tu, kwamba anakuja mtu wa serikali.

"Mgeni wa serikali anakuja, mwanangu, halafu akute tumelowa?"

"Ndicho anachokuja kukiona, mama."

"Akute wanawake watu wazima nguo zimewagandia mwilini?"

"Mama, anakuja kuhesabu waogaji."

"Atahesabu," akasema. "Kwanza akaribishwe."

Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Siku yenyewe nilikuwa na zamu ya asubuhi, nikaenda kazini.

Zamu ilikwisha, nikapanda basi na sare yangu ya kazi na vile viatu vya mpira, nikashuka ngazi za mbao nikikimbia. Pilau niliisikia harufu kabla sijauona mto. Nilipotokea kwenye mchanga nikasimama. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya sare, vilevile vilivyoshonwa kwa harusi ya mwezi wa tano, na vilemba juu. Watoto walikuwa wamesukwa, wamepakwa mafuta, wamevalishwa soksi nyeupe. Soksi, mchangani! Mzee mmoja wa Kikenya alikuwa na koti na tai, jasho linamchuruzika. Kulikuwa na meza imetandikwa kitambaa, na juu yake maua ya plastiki. Mtu fulani alikuwa ameshusha kochi. Kochi la sebuleni, ngazi zote zile. Na kwenye kochi alikaa kijana wa ofisi, uso mwekundu kwa jua, sahani ya pilau magotini, mkononi kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu.

Nyuma yao mto ulikuwa mtupu. Bata wawili tu.

"Umechelewa," Mama Mwenyekiti akaniambia. "Neno la ukaribisho limeshapita."

"Nani yuko majini?"

"Nani aende majini na mgeni amekaa?"

Yule kijana akaniona, akajua kwa sare yangu kwamba ni mimi wa simu, maana nilikuwa nimemwambia ninakofanya kazi. Akasimama na sahani yake. Akasema hajawahi kupokewa hivi maisha yake yote, chakula ni kizuri ajabu, lakini muda wake unakaribia kwisha na bado hajaona mtu akiingia.

Nikawageukia wenzangu. "Jamani, ingieni. Ingieni sasa hivi."

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mkenya, mama wa mapacha, akajiangalia kitenge chake toka kifuani mpaka chini. "Niingie na hii? Hii ni ya harusi, wewe."

"Basi watoto waingie."

Mama mapacha akaweka mikono kiunoni.

"Si ni wewe ulisema haya maji ni sumu? Juzi tu umewatoa wangu ukiwavuta masikio, mbele ya watu. Leo unataka waingie ndio huyu abonyeze kitu yake?"

"Ni kwa faida yao."

"Sawa. Hakuna shida. Anza na wako."

Wote wakamtazama binti yangu. Alikuwa amesimama karibu na meza, soksi zake nyeupe, paja la kuku mkononi, kwikwi ya soda inamruka. Niliyatazama maji. Yalikuwa ya rangi ya chai iliyopungukiwa maziwa, kama siku zote. Nilitaka kusema, mama, vua viatu.

Nikavua viatu vyangu mwenyewe na kuingia. Nikaenda mpaka kiunoni na sare yangu ya kazi, kitambulisho shingoni, nikageuka nikapiga kelele, "Hesabu!"

Akabonyeza. Nilisikia kile kidude kikilia, ta, mara moja. Halafu ndipo nilipokumbuka kwamba simu ilikuwa mfukoni.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, kijana mwenyewe alinipigia nyumbani. Kwa sauti ya kusikitika akasema eneo limeonekana kuwa la mapumziko na shughuli za kijamii. La kuogelea, hapana. Akaongeza kwamba kiangazi kijacho atarudi mara moja zaidi, ila safari hii hatasema ni Jumamosi ipi. Bosi wake amemkataza kusema. Ni kwa sababu ya kochi.

Nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika. Na Mama Mwenyekiti sikusema naye mpaka theluji ilipoanguka. Nilimpita kwenye korido kama nguzo. Mume wangu akaniambia niache utoto, mama wa watu alitoa nyama yake mwenyewe. Nikamwambia nyama yake haikupimwa na ofisi yoyote wala haikuombwa. Na mama mapacha naye tulikuwa tunaongea kwa salamu tu. Lililonikera zaidi kwake ni kwamba alikuwa na haki. Ukiwa na hasira na mtu mwenye haki hulali.

Ni mama mapacha aliyekuja kugonga, siku za mwisho za baridi, amevaa kanzu ya kulalia na koti juu yake.

"Nakuuliza kitu. Huyo mtu wako anahesabu watoto peke yao?"

"Anahesabu watu."

"Sasa mimi si mtu?"

Kuanzia kiangazi kile, kila Jumamosi alasiri, tuliingia sisi. Akina mama. Watoto walikaa kwenye mchanga, wamekatazwa hata kulowesha unyayo, na sisi tukasimama majini na khanga zetu mpaka kiunoni, wengi wetu bila kujua kuogelea hata kidogo. Hatukujua la kufanya humo. Tulisimama tu, kama watu wa foleni ya benki. Mwingine katoka zamu, miguu imevimba, mwingine anakwenda zamu. Maji yale hata mwezi wa saba chini yana ubaridi unaoingia kwenye mifupa. Watoto walitucheka kwa Kiingereza chao, wakisema huko si kuogelea. Mume wangu siku moja alipata nafasi ya kuja, akatutazama kwa muda mrefu akiwa na chupa ya chai.

"Mnafanana na watu waliosusiwa na mtumbwi."

"Ingia na wewe uhesabiwe."

"Mimi nalinda chai."

Mama Mwenyekiti alikuwa amekuja siku ya kwanza kabisa bila kuitwa. Nilimkuta kwenye ngazi, kofia ya plastiki ya bafuni juu ya wigi lake. Hakuomba radhi. "Mwenyekiti hashindwi," akaniambia, "anaahirisha." Akaniomba mkono wa kushukia.

Kusema kweli niliogopa kila Jumamosi. Tulifunga midomo. Hakuna aliyejimwagia maji usoni. Mwenye kidonda alibaki juu. Nikitoka pale nilijisugua kwa sabuni kama mtu aliyetoka makaburini, na usiku nilikuwa najisikiliza tumbo. Nani aliyetutuma kufanya vile? Hakuna. Kuna watu walikuwa wanalipwa mshahara kwa ajili ya maji, wanaendesha magari yenye nembo mlangoni, na sisi tulikuwa tunasimama humo kwa zamu, bure, ili wakubali kuchukua chupa moja wakaijaze. Ikipita Jumamosi hajaja, tunarudi ijayo. Wengine walichoka, wakaacha. Siwalaumu. Kuna Jumamosi tulibaki watatu, mimi na mama mapacha na Mama Mwenyekiti.

Alikuja mwezi wa nane. Mama Mwenyekiti ndiye aliyemwona, juu kwenye ngazi, kofia ya jua na kile kidude.

"Msimtazame!" akafoka kwa sauti ya chini. "Ogeni! Ogeni jamani!"

Tukapagawa. Tulirusha maji kama watu wanaopigana na nyuki. Mama mapacha alijitupa chali, akazama, akaibuka anakohoa na kuendelea. Siku ile kwa bahati tulikuwa wengi, Wakongo walikuwa wamekuja na wageni wao, nao wakadhani ni mchezo wetu, wakaingia wote. Mama Mwenyekiti, ambaye kiangazi kizima hakulowa juu ya kitovu, alichuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni, na wigi likaanza kuondoka peke yake kuelekea bata waliko. Sikumwangalia kijana wa ofisi. Nilimsikiliza tu. Ta, ta, ta. Kisha akapanda ngazi akaenda zake.

Tulipotoka Mama Mwenyekiti alikaa kwenye mchanga, khanga inachuruzika, na nikadhani atafurahi. Alikuwa na uso wa msiba.

"Hatujamsalimia," akasema. "Watu wazima wote hawa, mgeni amekuja na ameondoka, hata maji ya kunywa hatujampa."

Mwaka uliofuata wakaweka bango. Ufukwe, kwa majaribio. Kila wiki mtu alikuja na chupa, na kila Alhamisi ungeweza kupiga namba fulani ukasikia sauti ya mashine ikitaja fukwe zote za mji na mwisho kabisa wetu. Wiki za mwanzo ilikuwa mvua juu ya mvua, na mashine ilisema umefungwa. Umefungwa. Umefungwa. Watu wa jengo wakaanza kunitania kwamba nimewapigania kufuli. Sikujali. Ilikuwa ni mara ya kwanza naambiwa kitu chenye ndiyo au hapana. Halafu jua likakaa siku kadhaa, na Alhamisi moja, nikiwa mlangoni kwa chumba cha kufulia, mashine ikasema uko wazi.

Jumamosi tulishuka. Binti yangu alikuwa na miaka sita sasa, miguu mirefu, meno ya mbele hayapo. Nilikuwa nimemnunulia nguo ya kuogelea yenye maua, ikakaa kabatini muda mrefu mpaka ikakaribia kumbana. Mapacha walikuwa wameshaingia, wanapiga kelele za kuchinjwa. Mama mapacha aliwakodolea macho, mikono kiunoni, lakini hakuwatoa.

"Haya mama," nikamwambia. "Ingia."

Akakaa chini kwenye mchanga, akakumbatia magoti. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hapana, asante.

"Yamepimwa. Ni safi."

Akauliza nani kasema.

"Ofisi."

Akauliza kama watu wa ofisi huwa wanaogelea hapa. Nikasema sidhani. Akanitazama, kisha akayatazama maji, akaendelea kukumbatia magoti yake.

Niliingia mimi. Nikamwita. Nikamrushia maji kidogo, akarudi nyuma kama nimemrushia moto. Nikamwambia mapacha hawaogopi, akaniambia mapacha hawakuwahi kuchomwa dripu. Nilihisi hasira ile ya zamani ikipanda mpaka shingoni, nikatafuta wa kumwangushia, na pale palikuwa na watoto wanaocheza na bango na akina mama wanaomenya mayai. Nikatoka. Nikakamua khanga, nikakaa karibu naye. Sikuwa na nguvu hata ya kumgombeza. Nikamuuliza anataka nini, akasema wali.

Akala wali wote. Alipomaliza akaniuliza kama watapima tena.

"Kila wiki."

Akasema, basi niwaulize tena.

Alhamisi nilikuwa na siku ya mapumziko, tukapiga tukiwa jikoni. Nilibonyeza namba nikamwekea simu sikioni asikie mwenyewe. Alisikiliza amekunja uso, fukwe zote za mji, moja baada ya nyingine, mpaka wetu: uko wazi. Mashine ikakata. Akanirudishia simu, akasema nipige tena. Nikapiga tena.